Hirizi shingoni, ubao wa nta mkononi: mtoto wa Roma ya kale aliishije?

Kila inapotoka filamu mpya yenye mapanga, farasi na makaisari, mabishano yale yale hurudi mitandaoni. Mmoja ataandika kwamba baba wa Kirumi aliweza kumuua mwanawe na hakuna wa kumuuliza. Mwingine atasema watoto wa Roma hawakuwa na utoto: nusu walikufa, waliosalia wakaozwa na miaka 12. Wa tatu ataleta picha ya kijana aliyejifunga joho jeupe, anasoma kando ya nguzo za marumaru, aseme hawa ndio waliotuletea shule. Kila mmoja ana kipande cha kweli. Tatizo ni kwamba vipande hivyo vimeokotwa katika nyumba mbalimbali, karne mbalimbali na matabaka mbalimbali, kisha vikashonwa pamoja akapatikana mtoto mmoja ambaye hajapata kuishi duniani.

Tuanze na maneno, maana fumbo lote limejificha humo. Nikisema Roma hapa sina maana ya mji peke yake. Ni dola iliyotanda kutoka Uingereza hadi Misri, ikiwa na Afrika yote ya kaskazini ndani yake, na ninaloeleza ni la karne kama tano hivi, kuanzia mwaka 100 KK.

Katika Kilatini, watoto wa mtu waliitwa *liberi*. Neno hilo hilo maana yake ni "walio huru". Kwa nini mtoto aitwe huru? Kwa sababu ndani ya nyumba hiyo hiyo walikuwamo watoto wengine, wa watumwa, waliozaliwa chini ya paa lile lile na pengine kunyonya ziwa lile lile, na hao hawakuwa *liberi* wa yeyote. Mvulana aliitwa *puer*. Lakini *puer* lilikuwa pia jina la kumwitia mtumwa, awe na miaka kumi au hamsini. Wasomaji ambao babu zao walifanya kazi kwenye nyumba za walowezi hawahitaji maelezo marefu: mtu mzima mwenye wajukuu aliitwa "boi", akaitika. Na *familia*, neno tunalolitumia hadi leo, halikuwa baba, mama na watoto. Ilikuwa watu wote waliokaa chini ya mamlaka ya mwanamume mmoja, watumwa wakiwemo.

Kwa hiyo tukiuliza "mtoto wa Kirumi aliishije", swali la kwanza si ana miaka mingapi. Ni mtoto wa nani.

Mamlaka ya baba

Hapa ndipo penye uvumi mkubwa kuliko wote, nami nitakaa hapa kidogo.

Sheria ya Roma ilimpa baba mamlaka juu ya watoto wake muda wote aliokuwa hai. Si hadi wafikishe miaka 18, si hadi waoe. Chukua mwanamume wa miaka 40, ana mke, ana watoto watatu, anashika cheo kikubwa serikalini. Kama baba yake bado anapumua, shamba analolinunua mwanamume huyo kisheria ni la baba yake. Wanawe pia wako chini ya babu yao. Mama hakuwa na mamlaka hayo hata kidogo. Katika sheria za Mbao Kumi na Mbili, zilizoandikwa yapata mwaka 450 KK, baba aliyemuuza mwanawe mara tatu ndiye aliyepoteza haki juu yake. Na ndiyo, uwezo wa kuua ulikuwamo katika mamlaka hayo. Mwanasheria Gaius, wa karne ya pili BK, alikiri kwamba karibu hakuna taifa jingine lenye baba wa namna hii.

Watu wengi husoma hadi hapo, wakafunga kitabu. Lakini sheria hutuonyesha mlango ulikuwa na kufuli ya namna gani. Haituonyeshi waliomo ndani waliishije. Mwanafalsafa wa Kirumi Seneca anasimulia kisa kilichotokea enzi za Kaisari Augusto. Tajiri mmoja alimchapa mwanawe viboko hadi akafa. Mbele ya sheria hakuwa na kosa. Basi alipoonekana sokoni, watu walimvamia wakamchoma kwa kalamu zao za chuma, zile za kuandikia kwenye nta. Seneca anasema mamlaka ya Augusto mwenyewe yalimwokoa kwa shida kutoka mikononi mwa akina baba na wana wao pia. Miaka zaidi ya mia baadaye, Kaisari Hadrianus alimpeleka uhamishoni kisiwani baba aliyemuua mwanawe mawindoni, ingawa kijana huyo alikuwa amelala na mke wa baba. Sababu iliyohifadhiwa katika vitabu vya sheria ni kwamba mamlaka ya baba yakae katika upendo na wajibu, si katika ukatili.

Halafu kuna hesabu ya kifo. Wanaume walioa wakiwa wamekaribia miaka 30, na maisha yalikuwa mafupi. Watafiti wa idadi ya watu wanakadiria kwamba karibu theluthi moja ya watoto walikuwa wamefiwa na baba kabla ya kubalehe. Yule baba wa kutisha wa kwenye sheria, kwa watoto wengi mno, alikuwa kaburini. Ukinitaka nikutajie jambo lililompata mtoto wa Roma mara nyingi kuliko ukali wa baba, nitakutajia uyatima.

Siku ya nane na siku ya tisa

Mtoto aliyezaliwa alipokewa na mkunga, akakaguliwa kama ni mzima, akaviringishwa vitambaa mwili mzima ili viungo vinyooke. Jina alipewa siku ya nane kama ni wa kike, siku ya tisa kama ni wa kiume. Waislamu wa pwani wanaofanya akika siku ya saba wataelewa: hizo siku za mwanzo ni za kungoja kuona kama mgeni atakaa. Wa kiume aliyezaliwa huru alivishwa hirizi shingoni, *bulla*, ya dhahabu kwa matajiri na ya ngozi kwa wengine, asidhurike na husuda wala jicho baya. Binti hakuwa na jina lake hasa. Wa ukoo wa Julius waliitwa Julia, wa ukoo wa Cornelius wakaitwa Cornelia. Wakiwa wawili huitwa Mkubwa na Mdogo. Wa tatu ni Tertia, yaani "wa tatu".

Lakini si kila aliyezaliwa alipewa jina. Mwaka 1 KK mfanyakazi aitwaye Hilarion aliandika barua kutoka Alexandria kwenda kwa mkewe Alis, mjini Oxyrhynchus, Misri. Alis alikuwa mjamzito. Hilarion akamwambia: ukijifungua wa kiume, mwache, akiwa wa kike, mtupe.

Barua hiyo hunukuliwa kila mahali kama ushahidi kwamba watu wa zamani hawakuwa na moyo. Wanaonukuu huacha mistari mingine. Katika ukurasa huo huo Hilarion anamsihi Alis amtunze mtoto mdogo waliye naye tayari, anaahidi kutuma ujira mara tu akiupata, kisha anasema: umetuma mtu aniambie nisikusahau, nitakusahauje? Huyu si jitu. Ni kibarua aliye mbali na nyumbani, anapiga hesabu ya vinywa vya kulisha, katika dunia ambayo hesabu hiyo iliruhusiwa kumaliza maisha ya binti. Kuyaelewa mazingira yake si kuyahalalisha, nami sioni namna ya kusoma sentensi ile bila kuumia.

Na "kumtupa" kulikuwa ni nini? Mtoto aliachwa mahali panapopita watu, mara nyingi penye jalala. Wengine walikufa. Wengine waliokotwa wakalelewa kama watumwa. Huko Misri kulikuwa na watu wazima wenye majina yaliyotokana na neno la Kigiriki la samadi, alama ya walikookotwa. Kuhusu ile hadithi maarufu kwamba kila mtoto alilazwa chini na baba akamwinua kuonyesha amemkubali, wanahistoria wengi wa sasa hawaamini kuwa ilikuwa sherehe ya kisheria.

"Walizoea kufiwa"

Kati ya robo na theluthi ya watoto hawakumaliza mwaka wa kwanza. Karibu nusu hawakufika miaka kumi. Cornelia, mama wa wanasiasa maarufu Tiberius na Gaius Gracchus, alizaa 12 wakakua 3, naye alikuwa miongoni mwa wanawake wenye uwezo kuliko wote Roma.

Watu husema basi walizoea, hawakujifunga moyo kwa watoto. Ninaikataa kauli hii kabisa, na makaburi yanaikataa pamoja nami. Mawe yao huhesabu umri wa mtoto kwa miaka, miezi na siku, wakati mwingine hadi saa. Plutarch, Mgiriki aliyeishi chini ya dola hiyo, alimwandikia mkewe baada ya kufiwa na binti yao Timoxena, aliyekuwa na miaka miwili. Anakumbuka jambo moja dogo: kwamba mtoto yule alikuwa akimwomba mnyonyeshaji wake awape ziwa watoto wengine, na hata vidude alivyokuwa akichezea. Mtu asiyejifunga moyo hakumbuki hivyo.

Alfajiri hadi saa sita

Sasa tumfuate mtoto mmoja, wa kiume, wa familia yenye uwezo wa wastani, mwenye miaka minane.

Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa, kwa sababu saa zetu na saa za Warumi huanza mahali pamoja: jua likichomoza. Saa yao ya sita ni saa sita yetu, jua la utosi. Tofauti ni kwamba wao waligawa mwanga wa mchana katika mafungu 12 majira yote, kwa hiyo katika mji wa Roma saa moja ya kipupwe ilikuwa kama dakika 45, na ya kiangazi ikafika 75.

Anaamka giza halijatoka. Tunavyo vitabu vya mazoezi ya lugha vya wakati ule, vya Kilatini na Kigiriki bega kwa bega, ambamo mwanafunzi anasimulia siku yake. Anaomba viatu. Analetewa maji, ananawa uso na mikono. Anakwenda kuwaamkia baba na mama. Kisha anatoka na mtumwa wake aliyembebea vifaa. Kama nyumba ina uwezo zaidi, yuko na mtumwa mtu mzima, *paedagogus*, ambaye kazi yake ni kumpeleka shule, kumrudisha, na kumfunza adabu njiani. Mshairi Martialis anatuonyesha mwokaji akiwauzia wavulana kitafunwa cha asubuhi huku majogoo yakiwika. Badilisha mkate ule kwa andazi na barabara ni ya kwetu.

Shule yenyewe isikudanganye. Hapakuwa na jengo la serikali, sare wala mtihani wa taifa. Palikuwa na mwalimu mmoja, mara nyingi amekodi kibanda au anakaa barazani pembeni mwa njia, kelele za soko zikiingia. Martialis huyo huyo alilalamika kwamba mwalimu jirani yake alianza kufoka kabla ya jogoo. Mtoto aliandika kwenye ubao uliopakwa nta, kwa kalamu yenye ncha upande mmoja na ubapa upande wa pili wa kufutia. Waliopita chuo cha Kurani na ubao wao wanaijua hiyo raha ya kufuta na kuanza upya. Alijifunza herufi, kisha silabi, kisha maneno, na hesabu kwa vidole na vijiwe. Akifika miaka 11 au 12 na ada ikapatikana, alihamia kwa mwalimu wa sarufi na mashairi, na huko Kigiriki kilimngoja.

Ada yenyewe? Mwaka 301, Kaisari Diocletianus alitangaza bei na mishahara ya juu kabisa kwa dola nzima. Mwalimu wa kusoma na kuandika alipangiwa denari 50 kwa mtoto kwa mwezi. Kibarua wa shambani alipangiwa denari 25 kwa siku, na chakula juu. Piga hesabu: mwalimu alihitaji watoto 15 ili mwezi wake ulingane na wa kibarua anayefanya kazi kila siku, na bado kibarua amekula bure.

Adhuhuri mtoto wetu anarudi nyumbani kula: mkate mweupe, zeituni, jibini, tini kavu, lozi na jozi, maji baridi. Halafu shule tena.

Na viboko. Mshairi Horatius alimbatiza mwalimu wake Orbilius jina la "mwenye mapigo", na jina hilo limedumu miaka elfu mbili. Kule Thagaste, Algeria ya leo, mtoto Agostino, ambaye baadaye alikuwa askofu na mtakatifu, alijifunza kuomba kwa sababu ya fimbo: sala zake za kwanza zilikuwa za kumwomba Mungu asichapwe. Anakumbuka kwa uchungu kwamba wakubwa, hata wazazi wake waliomtakia mema, walicheka alama za viboko. Alichapwa kwa kupenda kucheza mpira. Akiwa mzee aliandika kwamba mtu akipewa achague kati ya kufa na kuwa mtoto tena, nani hatachagua kifo?

Wapo waliopinga, na ni vibaya kuwasahau. Quintilianus, mwalimu maarufu wa karne ya kwanza, aliandika wazi kwamba hapendi watoto wachapwe: ni fedheha, inafaa watumwa, na aliyezoea fimbo huwa sugu. Alipendekeza watoto wapewe herufi za pembe za ndovu wachezee hadi wazijue. Lakini angalia lile neno "watumwa". Hata mtetezi wa mtoto alimtetea yule aliye huru tu.

Michezo

Hapa sina haja ya kueleza sana, kwa sababu ukisoma orodha ya michezo yao unajiona uani kwenu. Walisukuma ringi. Walicheza vifupa vya mguu wa mbuzi au kondoo kwa kuvirusha na kuvidaka, kama mdako. Walirundika jozi na kuzipiga kwa jozi nyingine, kama gololi; jozi zilikuwa alama ya utoto kiasi kwamba "kuziacha jozi" kulimaanisha kukua. Walipanda fimbo wakaifanya farasi, wakajenga vijumba, wakafunga panya kwenye vigari. Wasiolala walitishwa na Lamia, zimwi la kike linalomeza watoto.

Wale ambao hawakwenda shule

Walikuwa wengi zaidi. Sheria ilikadiria kwamba kazi ya mtumwa wa chini ya miaka mitano haina thamani, na hiyo ni namna ya kutuambia kwamba akishatimiza mitano inayo. Watoto walichunga, walipura, walibeba kuni, walifagia. Jiwe moja la kaburi mjini Roma linamkumbuka Viccentia, binti mtamu, msokota nyuzi za dhahabu. Aliishi miaka 9 na miezi 9.

Mtoto huru wa fundi alipelekwa kuwa mwanagenzi. Mwaka 66 BK, huko Oxyrhynchus, mfumaji Tryphon alimkabidhi mwanawe Thoonis kwa mfumaji mwingine, Ptolemaios, kwa mwaka mmoja, afanye kazi tangu jua kuchomoza hadi kutua. Baba angemlisha na kumvika. Bwana fundi angemchangia drakma 5 kila mwezi za chakula, na 12 za nguo mwisho wa mwaka. Siku atakazokosa zifidiwe, ama baba alipe drakma moja ya fedha kwa kila siku. Hapakuwa na ukatili katika mkataba ule, wala hapakuwa na jozi za kurundika.

Kukua

Mvulana huru alivua hirizi yake akiwa kati ya miaka 14 na 17, mara nyingi siku ya sikukuu ya Liberalia, tarehe 17 Machi. Aliitundika mbele ya miungu ya nyumbani, akavua joho la utotoni lenye ukingo wa zambarau, akavaa jeupe la wanaume, akasindikizwa mjini na ndugu na jamaa.

Msichana hakuwa na siku kama hiyo. Siku yake ilikuwa harusi. Sheria iliruhusu aolewe akiwa na miaka 12, na hapo uvumi wa mitandaoni una msingi. Ila maandishi ya makaburi yanaonyesha kwamba mabinti wa watu wa kawaida wengi waliolewa baadaye, kuelekea miaka 20. Waliowahi zaidi walikuwa mabinti wa wakubwa, ambako ndoa iliunganisha koo na mali.

Mmoja wao tunamjua kwa karibu. Mwandishi wa Kirumi Plinius aliandika barua kuhusu binti wa rafiki yake Fundanus. Anasema binti huyo alikuwa akimkumbatia baba yake shingoni, aliwapenda walezi na walimu wake kila mmoja kwa kazi yake, alisoma kwa bidii, alicheza kidogo na kwa kiasi. Alikuwa ameposwa. Siku ya harusi ilikuwa imepangwa, wageni wamekwisha kualikwa, Plinius akiwa mmoja wao. Akaugua, akawa yeye ndiye wa kuwapa moyo dada yake na baba yake, akafa. Plinius alimsikia Fundanus, mtu msomi aliyejifunza falsafa ya uvumilivu tangu ujana, mwenye mamlaka yote ambayo sheria ya Roma iliweza kumpa juu ya mtoto, akiamuru kwamba fedha zilizowekwa kwa nguo, lulu na vito vya bibi harusi zitumike kununulia ubani, manukato na marhamu.

Jiwe lake limepatikana nje ya Roma. Limeandikwa Minicia Marcella, binti Fundanus, aliishi miaka 12, miezi 11 na siku 7.